Pimbi, Kiboko na Dawa ya Anguko

Hapo zamani za kale, na msinikatize, najua mtaniambia kwamba zamani hakukuwa na kompyuta. Kwenu hazikuwepo. Kwa wanyama zilikuwepo, kila nyumba na yake, na walizitumia kuliko ninyi, maana wao hawakuwa na shule ya kwenda.

Basi wanyama hao walikuwa na mchezo wao mmoja, jina lake Bonde la Ngao. Ulichezwa na wengi kwa pamoja kupitia mtandao. Wewe uko kwako pangoni, mwenzako yuko kwake mtoni, lakini ndani ya mchezo mnakutana sokoni, mnalima, mnajenga nyumba, mnapigana na majoka. Wenye mchezo walikuwa tembo fulani wa nchi ya mbali. Siku moja tembo wale wakachoka, wakazima mitambo yao, pwi! Bonde likatoweka, na wanyama wakalia hadi macho yakavimba.

Walipomaliza kulia wakasema, aa, tutalifufua wenyewe. Wakakusanya vipande vya mchezo walivyokuwa wamevihifadhi, wakaweka seva, yaani kompyuta moja inayobeba mchezo mzima kwa ajili ya wote. Ikakaa nyumbani kwa Nungunungu. Naye Nungunungu akafungua ukurasa mtandaoni, wakauita Mkeka.

Desturi ya Mkeka ilikuwa hivi. Ukitengeneza kitu, daraja la Bonde limekatika ukaliunga, mvua ya Bonde imegoma ukaifanya inyeshe, unaitandaza kazi yako pale, wazi, kila mtu aione, aijaribu, aichukue. Na yule wa kwanza kuitandaza, jina lake linachongwa kwenye jiwe la lango la Bonde. Malipo mengine hakuna. Lakini mnajua wanyama wanavyopenda kusoma majina yao.

Na palikuwa na sheria moja kali. Fisi aliwahi kutangaza Mkekani kwamba ametengeneza mabawa ya kumrusha kila mchezaji. Wanyama wakaacha kazi zao wakamngoja wiki mbili, kumbe hana hata unyoya mmoja. Tangu siku hiyo ikaamuliwa kwamba atakayetangaza Mkekani kitu asicho nacho, kiwanja chake ndani ya Bonde kitafutwa pamoja na kila kilichomo, wakaanza na cha Fisi.

Sasa tumfuate Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, hana mkia, na akishikwa na hofu nyayo zake hutoka jasho. Huyu wetu aliitwa Mize, ingawa aliyemwita hivyo ni dada yake Kidawa peke yake. Kidawa aliolewa kwenye mawe ya mbali, ng'ambo ya uwanda wenye tai, na pimbi akikatiza uwanda wenye tai hafiki. Kwa hiyo ndugu hawa walikuwa hawajatiana machoni mwaka wa nne sasa. Walikutana ndani ya Bonde tu, kila siku baada ya chakula cha mchana, kwenye nyumba aliyoijenga mama yao.

Mama alikwisha kufa. Nyumba ndiyo iliyobaki. Ilikuwa na ngazi tatu za mawe, mlango mfupi wa kimo cha pimbi, na jiko la nyuma lenye dirisha linalotazama shamba la maharage. Mama aliijenga kwa miezi minane, jiwe baada ya jiwe, na Pimbi akiketi mle ndani alijisikia kama vile mama ametoka kidogo tu, yuko njiani anarudi.

Ndipo Bonde likaanza kuanguka. Wakikusanyika wachezaji zaidi ya mia, siku ya soko kwa mfano, kila kitu kinaganda, halafu pwaa! Wote wanatupwa nje. Wakirudi wanakuta kuna kitu kimepotea. Wiki ya kwanza lilipotea ghala la Swala. Wiki ya pili lilipotea jiko la mama yake Pimbi, dirisha na yote. Wiki ya tatu ikaondoka ngazi moja.

"Zimebaki ngazi mbili, Mize," Kidawa alimwandikia. "Soko la wiki ijayo likianguka, tutaingia wapi?"

Pimbi alitafuta dawa ya anguko hadi kichwa kikamuuma. Alipekua mistari ya maagizo yanayouendesha mchezo, mmoja mmoja. Hakupata kitu. Nungunungu naye hakupata, na Swala alikwisha kata tamaa.

Lakini mwenye dawa alikuwepo, na wote walimjua. Ni Kiboko.

Kiboko alikuwa na seva yake mwenyewe kule mtoni, kubwa, ina feni sita zinazovuma vuuu, vuuu. Aliiita Ngome. Kila kilichotandazwa Mkekani alikuwa akimtuma msaidizi wake, Nyati, akichukue. Yeye mwenyewe hakuwahi kutandaza hata kokoto. Ndani ya Ngome walikusanyika wachezaji mia mbili, mia tatu, na hakuna kilichoanguka. Kwa hiyo wanyama wakaanza kuhamia huko, mmoja mmoja, wameinamisha vichwa, maana aliyehamia Ngomeni hakuruhusiwa kwenda na nyumba yake. Alianza upya na kiwanja kitupu.

Pimbi akapiga moyo konde, akaenda mtoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umefuata dawa."

"Nimefuata dawa, Bwana. Nyumba ya marehemu mama yangu inamalizika."

"Pole," alisema Kiboko, na alisema kwa dhati kabisa, ndiyo maana ilimuuma zaidi Pimbi. "Lakini dawa hiyo niliitafuta peke yangu, miezi minane. Ninyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa Mkekani. Madaraja yako ya Ngomeni ni ya Swala. Soko lako ni la Nungunungu. Mvua yako niliitengeneza mimi."

"Na nani aliwalazimisha mtandaze?" Kiboko akafumba macho, akazama, bluu bluu bluu, yakabaki mapovu.

Pimbi alirudi kwao akiwa na hasira hadi meno yanagongana. Njia nzima alijiuliza: huyu mtu anaficha kwa sababu gani? Anaficha kwa sababu siri ndiyo inayomletea wachezaji. Haya, na siku siri ikiacha kuwa siri, atabakiwa na nini? Akakumbuka kuta za Ngome. Kila ukuta umeandikwa KIBOKO. Mlango umeandikwa KIBOKO. Hata choo kimeandikwa KIBOKO, watoto, msicheke, ni kweli kabisa.

Atabakiwa na jina. Na jina la kwanza kwenye jiwe la lango anapewa yule atakayewahi.

Alipofika nyumbani alikaa mbele ya kompyuta, akaandika Mkekani: "Mimi Pimbi nimepata dawa ya anguko. Kesho saa nne kamili asubuhi nitaitandaza." Akabonyeza kabla hofu haijamkamata mkono. Halafu ikamkamata mwili mzima. Vitufe vya kompyuta vikalowa kwa jasho la nyayo zake, ikabidi avifute kwa kanga.

Kidawa hakukawia kuandika. "Mize, ni kweli?"

"Si kweli, dada."

"Sheria unaijua?"

"Naijua."

"Kiwanja chako ndicho chenye nyumba ya mama."

"Najua, dada. Nikikaa kimya inaisha ngazi kwa ngazi. Bora niijaribu bahati yangu nyumba ingali imesimama."

Kidawa akaandika, "Ningekuwa karibu ningekufinya." Pimbi hakujua acheke au alie.

Asubuhi yake, saa moja, alisikia nje gudu, gudu, gudu. Alikuwa Nyati. Kichwa hakikuingia mlangoni, akakileta dirishani.

"Hodi. Nilikuwa napita tu," alisema Nyati, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupita mitaa ya mawe.

"Karibu, kaka. Unitazame tu kwa hapo dirishani, ninamalizia kazi."

Pimbi alikuwa amejiandaa. Kwenye kioo cha kompyuta palijaa mistari, mistari, mistari. Ilikuwa ni namna ya kupika maharage ya nazi, ameyakatakata maneno, akayatia mabano na nukta na namba, akayarudia mara mia nne. Nyati akaitazama ile mistari kwa heshima. Alikuwa hajui kusoma kazi za namna hiyo, kwa kuwa miaka yote aliyomtumikia Kiboko, Kiboko hakumfundisha hata mstari mmoja.

"Ni mirefu," alisema.

"Mistari elfu nne," Pimbi alijibu.

Nyati akaondoka mbio. Pimbi akahesabu: kutoka mawe hadi mtoni, na kutoka mtoni hadi mawe. Hesabu haikukosea. Saa mbili na nusu ardhi ilitikisika, na Kiboko mwenyewe akatokea, amelowa, anahema.

"Nasikia umepata," alisema.

"Nimepata, Bwana. Karibu."

"Sikai. Nakuuliza jambo moja tu. Kasoro yenyewe iko mlangoni wanapoingilia wachezaji, au iko sokoni wanapokusanyika?"

Pimbi hakujua. Akisema mlangoni na ikawa sokoni, amekwisha. Akisema sokoni na ikawa mlangoni, amekwisha vilevile. Akamtazama Kiboko usoni, na usoni hapakuwa na kitu, uso wa kiboko ni mpana na hauna habari. Lakini masikio, watoto wangu! Masikio ya kiboko ni madogo, na hayajui kutunza siri. Yalikuwa yakipepea kwa raha zake, pepe, pepe, kama masikio ya mtu aliyetega mtego na sasa anangoja.

Mtego, Pimbi akawaza. Amenipa viwili, na huenda vyote si vyenyewe.

"Swali hilo, Bwana Kiboko," alisema taratibu, "ndilo lililonipotezea wakati. Mlangoni, sokoni, mlangoni, sokoni. Wote tumekuwa tukitafuta hapo."

Masikio yakasimama. Hayakupepea tena.

"Ah," alisema Kiboko.

"Kumbe hakuwemo mchawi hapo," alimalizia Pimbi.

Kiboko akageuka. Hakuaga. Alishuka mawe akikimbia, na kiboko akikimbia ni jambo la kutisha, mawe madogo yalikuwa yanaruka huku na huku.

Pimbi akaketi chini. Ama anakwenda kuitandaza, alijisemea, ama anakwenda kunicheka na Nyati.

Saa tatu ikafika. Mkeka mtupu. Saa tatu na nusu, Mkeka mtupu. Wanyama walikwisha anza kukusanyika ukurasani, kila mmoja na salamu yake: hongera Pimbi, Mungu akuzidishie Pimbi, leo ndiyo leo. Kila hongera ilimchoma kama mwiba. Saa nne kasoro robo Nungunungu aliandika, "Pimbi, tuko tayari kuipokea." Saa nne kasoro dakika tano Kidawa akaandika kwa siri, "Mize, niko nyumbani kwa mama. Nimekaa ngazini. Njoo tukae wote." Pimbi akajua dada yake amekwenda kuaga, na macho yakamjaa machozi hata kioo akakiona kwa ukungu.

Saa nne kasoro dakika mbili, ting!

"MIMI KIBOKO, WA KWANZA KUIPATA DAWA YA ANGUKO, NINAITANDAZA. PIMBI AMENIFUATA."

Mistari kumi na saba tu. Kasoro ilikuwa kwenye kengele ya Bonde, ile inayohesabu saa za mchezo. Hakuna aliyewahi kuitazama kwa sababu hakuna aliyedhani kengele inaweza kuangusha dunia. Pimbi aliinakili haraka haraka, akaituma na kwa Kidawa, kana kwamba Kiboko angebadili nia akaja kuikunja.

Nungunungu akaisoma mbele ya wote, kwa sauti, kama ilivyo desturi. Alipofika mstari wa kumi na moja akasita.

"Bwana Kiboko," aliuliza, "Ngome yako haianguki siku ya Ijumaa?"

Wote waliijua Ijumaa ya Ngome. Kila wiki Kiboko huifunga mchana kutwa, anasema anafagia.

"Inaanguka," alikiri Kiboko.

"Ni mstari huu. Umeisahau Ijumaa, kengele inaruka kutoka Alhamisi hadi Jumamosi." Nungunungu akausahihisha pale pale. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kiboko alikuwa amehangaika nao tangu mwaka jana.

Wakaiweka dawa kwenye seva, wakapiga mbiu, wanyama wote wakaingia sokoni kwa mpigo. Mia. Mia mbili. Mia tatu na arobaini. Bonde likatulia tuli. Jina la Kiboko likachongwa jiweni, wakamshangilia, na Kiboko akalisoma jina lile mara saba. Pimbi alianza kupumua.

Hapo Nyati naye akapata hamu ya kujifunza. Alikuwa ameisoma ile mistari kumi na saba yote, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Naomba kuuliza," aliandika. "Mimi niliiona ya Pimbi. Ilikuwa na nazi. Nazi, nazi, nazi, halafu kitunguu. Nilidhani ni lugha ya kitaalamu. Mbona ya Bwana haina nazi hata moja?"

Nyati hakuuliza kwa ubaya, hila hana. Lakini soko zima likamgeukia Pimbi.

"Pimbi," alisema Nungunungu, na sauti yake haikuwa na furaha, "ya kwako tuione."

Pimbi angeweza kuzima kompyuta. Angeweza kusema imepotea. Aliwafikiria wale waliomngoja Fisi wiki mbili, akaona aibu. "Sina," alisema. "Sikuwa nayo. Nilikuwa na maharage."

Kiboko alinguruma. "Amenidanganya! Sheria ni sheria. Kiwanja chake kifutwe."

Wengine wakasema jamani, ametuokoa. Wengine wakasema Fisi tulimfuta, na Fisi alilia vilevile. Nungunungu aliwasikiliza wote, kisha akasema la kweli, kwamba Mkeka wenye sheria ya kuchagua watu si Mkeka tena. Pimbi akaitikia kwa kichwa. Akaenda akasimama na Kidawa barabarani, mbele ya zile ngazi mbili. Kidawa akamshika mkono, mkono wa mchezo lakini mkono wa dada.

Fyuu. Nyumba ikaondoka. Likabaki jani linalopeperuka juu ya kiwanja kitupu, na Pimbi akalia kwa sauti, kule kwake kwenye mawe, majirani wakamsikia.

"Ilikuwa hiyo?" aliuliza Nyati, aliyekuwa amewafuata kwa nyuma. "Yenye mlango mfupi?"

"Ndiyo hiyo," alijibu Kidawa.

"Ina jiko la nyuma? Dirisha linatazama maharage?"

Pimbi akainua kichwa. Jiko lilikwisha potea zamani, na Nyati hakuwahi kukaribishwa mle.

"Mbona nyumba hiyo ninayo," alisema Nyati. "Naishi ndani yake, kule Ngomeni. Mama mmoja mzee aliitandaza Mkekani alipomaliza kuijenga, ngazi na jiko na kila kitu, akaandika: atakayeipenda aijenge kwake. Jina hakuliweka, nami sikujua ni mama wa nani. Bwana akanituma nichukue vyote vilivyopo, nikaichukua na hiyo. Mlango ni mfupi, naingia kwa magoti. Sikuwahi kuupanua, kwa sababu nikiupanua si nyumba yenyewe tena."

"Hata mimi ninayo," alisema Swala. "Ya kwangu nimeipaka chokaa."

"Na mimi," ilisikika sauti nyingine, na nyingine tena.

Nyati akaitandaza Mkekani nyumba ya mama, nzima, ngazi tatu. Sheria ilifuta kiwanja. Haikusema mtu asijenge tena. Soko zima likajenga, kufikia alasiri ikawa imesimama, na Pimbi na Kidawa wakaingia, wakaketi jikoni karibu na dirisha. Kiboko alibaki nje, mkubwa mno kwa mlango ule, akaitazama nyumba kwa muda mrefu.

"Nyati," aliuliza mwishowe, "ukipiga magoti, inaingilika?"

Basi hapo ndipo mwisho wake, watoto, nami sina la kuongeza ila hili moja: kazi uliyowapa wenzako haifutiki, na ile uliyoifungia ndani huanguka kila Ijumaa.